Kuzuru magofu ya mijini nchini Uganda: kila mmoja wetu hufurahia nini?

Mkazi wa Jinja anauliza:

Ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Ninaishi Jinja, na alasiri za Jumapili huzitumia kuzungukia majengo ya zamani ya mji huu: maghala yaliyofungwa karibu na stesheni, nyumba za ghorofa zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na viwanda ambavyo mashine zake zilinyamaza kabla sijazaliwa. Mara nyingi siingii ndani. Husimama ng'ambo ya barabara nikasoma jina na mwaka vilivyofinyangwa kwa plasta juu ya mlango wa duka, nikachora umbo la jengo katika daftari, kisha nikazungumza na yeyote aliyeketi barazani. Katika Main Street lipo jengo moja ambalo tarakimu za mwaka wake zimepakwa rangi za matangazo ya simu, tabaka juu ya tabaka, hata zikawa butu na mchana hazionekani kabisa; lakini jioni, jua linapozipiga ubavuni, kila tarakimu hutupa kivuli chake na mwaka wote ukasomeka. Naweza kulingojea jambo hilo kwa muda mrefu na nikarudi nyumbani nimeridhika.

Rafiki yangu mmoja hufuatilia sana picha za watu wa ng'ambo wanaoingia katika mji wa Pripyat, uliohamwa baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, au katika kisiwa cha Hashima kule Japani, ambacho wachimba makaa ya mawe walikiacha mwaka 1974. Huyo ananiambia kwamba ninachofanya mimi si kuzuru magofu bali ni kupunga upepo. Kwa maoni yake, mtu hajaionja burudani hii mpaka aruke ukuta, aingie mahali palipokatazwa, apige picha na atoke bila kuonekana. Na akishaomba ruhusa, ladha yote imekwisha.

Ningependa kusikia kutoka kwenu mlioanza zamani. Ninyi hufurahia nini hasa mnapokwenda mahali pa namna hii? Je, ni kweli kwamba ruhusa huondoa ladha? Na kama kuna mahali mnapopapendekeza kwa mtu anayetokea Jinja, nitashukuru sana kuelekezwa.

Fundi Mstaafu wa Reli, Tororo:

Kijana wangu, umeuliza jambo ninalolipenda, kwa hiyo univumilie nikiandika kwa urefu.

Mimi hufuata mashine. Jengo lenyewe, liwe zuri au baya, hunishughulisha kidogo. Ninachotaka ni kuelewa kazi iliyokuwa ikifanyika humo: nguvu ilitoka wapi, mzigo uliingilia mlango gani na kutokea upi, na kwa nini siku moja kazi ikasimama. Anayekwenda na maswali hayo hukuta kwamba hata kiwanda kidogo cha kuchambulia pamba, kilichokwisha ezuliwa paa, kina mengi ya kumwambia. Huku mashariki vimetapakaa, Busoga, Bukedi na Teso, kwa sababu pamba ndiyo iliyoubeba uchumi wa nchi hii kwa miongo mingi ya utawala wa Waingereza. Ukisimama katikati ya kiwanda kimoja, tazama juu kwanza. Utaona mhimili wa chuma uliopita urefu wote wa chumba, wenye magurudumu ya mikanda, gurudumu moja kwa kila mashine iliyokuwa chini yake. Injini moja iliuzungusha mhimili, na mhimili ukazizungusha mashine zote kwa mikanda. Mashine zenyewe ziling'olewa zamani, lakini boliti zilizozishikilia bado zimesimama sakafuni kwa safu, nne nne, na kwa kuzihesabu utajua kiwanda kilikuwa na mashine ngapi hata kama hakuna karatasi iliyosalia. Na katika pembe za juu, pale ufagio usipofika, nyuzi za pamba zingali zimenasa katika utando wa buibui.

Kwa mtu wa Jinja, napendekeza Namasagali, wilayani Kamuli. Hapo ndipo ilipoishia Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912. Sababu ya kujengwa kwake ni rahisi kuielewa ukiujua mto: kutoka Jinja kwenda kaskazini Mto Nile una maporomoko na mawe ambayo meli haiwezi kuyapita, hivyo pamba na abiria walisafiri kwa treni hadi Namasagali, wakapanda meli ya mvuke na kuvuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, wakaendelea kwa barabara kupitia Masindi hadi Butiaba, na hapo wakapanda meli nyingine ya Ziwa Albert kuelekea Kongo au Pakwach. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi, Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili, na maji hayo yote yakashuka na mto. Gati za Namasagali na za Butiaba zikafunikwa. Njia ile ya kale ikafa, na haikufufuliwa tena. Majengo ya reli ya Namasagali hayakukaa matupu kwa muda mrefu, kwa kuwa shule ya sekondari ilianzishwa humo katika miaka hiyohiyo ya 1960 na ikavuma nchi nzima. Kwa hiyo ukienda leo utakuta mahali ambapo wanafunzi wanasomea katika nyumba zilizojengewa watu wa reli, na nyuma yao vipande vya reli vinateremka majanini kuelekea majini.

Butiaba nako kulikuwa na kitu cha kutazama kuliko vyote. Meli ya Robert Coryndon, iliyofanya kazi Ziwa Albert tangu miaka ya 1930, ilizama pale katika miaka ya 1960, na gamba lake likabaki ufukweni kwa miongo mingi likila kutu. Halipo tena, lilikatwa likauzwa kama vyuma chakavu. Jambo hili ndilo linalonifanya niwe mkali katika suala moja: picha zitolewe, lakini mahali hasa pasitajwe. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanasoma mtandaoni kama sisi, na kila anayeandika kwamba katika kijiji fulani kuna tangi la maji la treni ambalo halina mlinzi, amewafanyia kazi bila malipo.

Sasa kuhusu ruhusa. Huyo rafiki yako amejifunza burudani hii kwa picha za nchi ambako jengo likiachwa limeachwa kweli. Hapa kwetu sijaona mahali palipoachwa. Pana mlinzi aliyewekwa na kampuni iliyokufa zamani, ambaye angali anangoja mshahara wake. Pana mjane aliyepanda viazi vitamu kati ya reli mbili. Pana mbuzi wa mtu. Na pana mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye asipoambiwa kwamba umekuja atakuwa wa kwanza kuuliza ulichokuja kuiba. Kuruka ukuta katika mazingira hayo si ushujaa. Watu wakishapiga kelele za mwizi, hakuna atakayengoja uwaonyeshe kamera yako. Lakini hata hatari hiyo nikiiweka kando, anayeruka ukuta hukosa kitu kilicho bora, kwa maana yule mzee mlinzi ndiye anayejua injini ilikaa upande gani na ni nani aliyeizima siku ya mwisho.

Kijana wa Mengo:

Mzee, nakuheshimu, na nimejifunza mengi katika maelezo yako, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa sababu sote hatuvutwi na jambo moja.

Mimi sipendi mashine wala historia kwa kiwango hicho. Ninachopenda ni kuuona mji kutoka mahali ambapo mkazi wa kawaida hasimami: juu ya paa, ndani ya mfereji, katika ujia wa nyuma wa hoteli ambako wafanyakazi husukuma matoroli ya mashuka. Jeff Chapman wa Toronto, aliyeanzisha jarida lake la mambo haya mwaka 1996 na akafariki mwaka 2005, alivutiwa na majengo yanayotumika sawasawa na yale yaliyokufa. Wapo Paris watu wanaozunguka usiku katika machimbo ya mawe yaliyo chini ya mji, ingawa jambo hilo limekatazwa tangu mwaka 1955. Watu hao hawatafuti gofu. Wanatafuta ule upande wa pili wa mji wanaoishi.

Kuhusu ruhusa nitasema ukweli wangu: ndiyo, huondoa kitu. Ukipewa mtu wa kukuongoza, utaona anachotaka uone, kwa mwendo anaoutaka yeye. Hilo silikatai. Hata hivyo nimeishi Kampala vya kutosha kujua kwamba hapa mtu hawezi kupanda paa kama wanavyofanya vijana wa nchi nyingine. Tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010, na tena baada ya yale ya Novemba 2021, kila jengo refu lina askari mwenye bunduki mlangoni, na mtu anayekutwa juu ya paa usiku hatahesabiwa kuwa mpenda mandhari. Droni nazo si za kurushwa hivihivi. Zinahitaji vibali, na anayerusha bila vibali hupoteza droni na huenda akapoteza na uhuru.

Kwa hiyo nimejitafutia vitu viwili. Cha kwanza ni mnara wa Msikiti Mkuu wa Taifa pale Old Kampala, ambao unalipia kiingilio na kupanda ngazi zaidi ya 300. Wengi hawajui kwamba msikiti wenyewe ulikuwa gofu kwa miaka mingi: ujenzi ulianza enzi za Idi Amin, ukakwama, na ukakamilishwa baadaye kwa fedha za Libya. Ukiwa juu utaona jinsi barabara zinavyoshuka kutoka kilimani pande zote, kwa kuwa hapo ndipo Lugard, yule mwanajeshi wa Kiingereza, alipoweka ngome yake mwaka 1890 na mji ukakua kukizunguka kilima hicho. Cha pili ni Mfereji wa Nakivubo. Huufuata kwa miguu ukingoni, kutoka Kisenyi, kupita nyuma ya soko la Owino, hadi unapokaribia vinamasi vya ziwa, na katika mwendo huo utaona Kampala yote kwa mgongo wake: viwanda, karakana, jikoni za mama lishe, vyoo. Kuingia ndani ya mfereji ni kwa kiangazi tu. Kule Melbourne, wale wa Cave Clan, waliokwisha tembea mitaro ya maji ya mvua tangu mwaka 1986, wana kanuni moja wasiyoivunja: mvua ikinyesha, mtaro hauingiwi. Nakivubo hufurika hata kama mvua imenyesha vilima vya mbali na wewe umesimama juani.

Muuguzi wa Ibanda:

Naomba niingize neno fupi la afya, kwa kuwa naona wengi wanazungumza juu ya ukuta na askari lakini hakuna aliyetaja popo.

Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, huku kwetu magharibi, waliambukizwa virusi vya Marburg. Watafiti waliokuja kuchunguza walivikuta virusi hivyo katika miili ya popo wa matunda waliokuwa wakiishi mgodini kwa maelfu. Mwaka uliofuata mtalii kutoka Uholanzi, ambaye alikuwa ameingia katika pango lenye popo na chatu ndani ya msitu wa Maramagambo, alifariki baada ya kurejea kwao. Hakuwa ameumwa na mnyama yeyote kwa kiwango cha kukumbukwa na wenzake. Tangu hapo wageni huwatazama popo wale wakiwa mbali na mdomo wa pango. Anayepita katika mashimo ya migodi ya zamani kwa sababu tu hakuna mlinzi anapaswa kujua kwamba homa yaweza kumwanza hadi wiki tatu baadaye, na kwamba hospitalini atapaswa kusema waziwazi mahali alipokwenda, jambo ambalo wale wa kuruka kuta mara nyingi huona haya kulisema.

Kilembe nako watu hupenda kwenda, kwa haki kabisa, kwa sababu mji ule wa wachimba shaba una nyumba, mitambo na midomo ya migodi iliyotapakaa bondeni, na Mto Nyamwamba umekwisha pita juu ya sehemu yake kwa mafuriko makubwa mwaka 2013 na tena mwaka 2020. Tembeeni nje mtakavyo mkishapewa idhini. Ndani ya migodi msiingie. Hewa iliyokaa bila kupitishwa hupungukiwa oksijeni polepole na haina harufu ya kukuonya. Tochi ya simu itaendelea kuwaka vizuri mahali ambapo binadamu hawezi kupumua.

Na katika majengo ya kawaida, mkiona dari ina madoa meusi na sakafu ina vumbi laini la kinyesi cha popo au njiwa, vaeni barakoa nzuri na msifagie. Lipo kuvu linaloota katika kinyesi hicho na kushambulia mapafu.

Mwalimu wa Historia, Kampala:

Nimesoma yote na ningependa kuzungumzia kitu ambacho kimepitwa haraka, nacho ni kwamba katika nchi yetu majengo mengi hayakuachwa kwa uzee. Yaliachwa kwa sababu watu waliondolewa, au waliuawa, na hilo linabadilisha maana ya kufurahia.

Chukueni Lubiri pale Mengo. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote, likiongozwa na Idi Amin, lililishambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, na Kabaka huyo, Mutesa II, akatorokea ng'ambo, ambako alifia. Baadaye, Amin alipokuwa rais, palijengwa ndani ya uwanja wa kasri ghala la silaha la zege chini ya ardhi, na ghala hilo likageuzwa kuwa mahali pa mateso. Leo unalipa kiingilio, unapewa kiongozi, unashuka hadi kwenye ujia mmoja wenye vyumba vya giza upande mmoja, na kiongozi anakueleza jinsi maji ya ujia yalivyotiwa umeme ili asitoke mtu. Ukutani zipo alama za viganja na maneno. Nimewaona wageni wakijipiga picha mbele ya alama hizo huku wakitabasamu. Siwachukii, kwa sababu hawakuambiwa wafanye nini na nyuso zao mahali kama pale, lakini mimi kamera huifunga nikifika mlangoni, na wanafunzi wangu nao huwataka wazime simu. Kwangu mahali hapo huzuriwa kwa masikio. Kiongozi anaposimulia, sauti yake hurudi kutoka kwenye zege, na unatambua kwamba kelele zozote zilizopigwa humo zilisikiwa na kila aliyekuwamo.

Jengo la zamani la uwanja wa ndege wa Entebbe, ambako mateka wa ndege ya Air France waliokolewa na makomando wa Israeli usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, ni jambo jingine. Limo katika eneo la jeshi. Hapo hakuna mjadala wa ladha: huendi bila kibali cha maandishi, na hata ukiwa nje hupigi picha. Vivyo hivyo bwawa la Nalubaale pale Jinja, ndugu muulizaji. Wewe unalijua kuliko mimi.

Sasa nije kwenye nyumba hizo unazozichora. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Nyumba na maduka yao yalishikwa na serikali, yakagawiwa, yakapangishwa, yakauzwa kwa njia zilizonyooka na zisizonyooka, na ijapokuwa sheria ya mwaka 1982 iliwafungulia wenyewe njia ya kudai mali zao, kesi nyingine zimeendelea mpaka leo. Matokeo yake ni kwamba mtu anayesimama mbele ya jengo la Main Street akiandika mwaka na jina katika daftari hatazamwi kama mpenda majengo. Atadhaniwa dalali, au karani wa wakili wa mdai, au mtoto wa mwenye nyumba aliyerudi kutoka Leicester, Uingereza. Mpangaji aliyekaa humo kwa miaka mingi anaona kalamu yako na usingizi unamtoka usiku huo. Kwa hiyo nakusihi, kabla ya kufungua daftari, jitambulishe kwake, mwonyeshe michoro ya majengo mengine, na ikiwezekana umwachie mchoro wa jengo lake. Mimi nimepata kuonyeshwa ngazi za ndani, sakafu za terazo na milango ya mbao yenye maandishi ya Kigujarati kwa sababu hiyo tu.

Mwisho, Mzee Fundi, sikubaliani nawe katika kuficha mahali. Meli iliyokatwa Butiaba haikukatwa kwa sababu watu wengi waliijua; ilikatwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na sauti ya kuitetea. Hapa Kampala, lilipozuka wazo la kubomoa jengo lililokuwa sinema ya Norman, ambalo sasa ni kanisa, watetezi wa majengo ya kihistoria waliweza kupinga hadharani kwa sababu tayari kulikuwa na picha, ramani na maandishi yaliyoonyesha jengo hilo ni nini. Shirika la utamaduni la CCFU limekuwa likitoa ramani za majengo kama hayo ya Kampala, Entebbe na Jinja, yenye anwani zake wazi. Kitu kisichoandikwa popote hubomolewa usiku mmoja na kesho yake hakuna wa kuthibitisha kwamba kilikuwapo.

Fundi Mstaafu wa Reli, Tororo:

Mwalimu, kwa majengo ya mjini nakubaliana nawe. Jengo la ghorofa halibebwi juu ya lori, na macho ya watu wengi hulisaidia. Lakini taruma la chuma, kengele ya stesheni na bamba la jina la injini ni vitu vya kubebwa na mtu mmoja kwa pikipiki moja. Mimi huandika kila kitu, pamoja na vipimo na michoro, na nakala hupeleka kwa watu wa makumbusho ya reli pale Jinja. Mtandaoni hutoa picha bila mahali. Nadhani hapo tunaweza kuachana kila mmoja na msimamo wake.

Mkazi wa Jinja:

Nawashukuru nyote. Mwalimu, sikuwahi kufikiri kwamba kalamu yangu yaweza kumnyima mtu usingizi, ingawa sasa nakumbuka jinsi wapangaji wengine wanavyoingia ndani na kufunga mlango ninapofungua daftari. Nitafanya ulivyosema, kuanzia na lile jengo la tarakimu zilizofunikwa rangi.

Rafiki yangu nimempa asome majibu haya. Yale ya Kijana wa Mengo ameyapenda, na ameanza kuzungumzia Nakivubo. Ya Muuguzi ameyasoma mara mbili akanyamaza. Bado anashikilia kwamba kuomba ruhusa kunapunguza ladha, lakini amekubali twende naye Namasagali. Mzee, tunaanzaje?

Fundi Mstaafu wa Reli, Tororo:

Anzeni na barua. Mwandikie mkuu wa shule ya Namasagali, umweleze kwamba mnataka kuona mabaki ya reli na ya bandari, mtaje siku na idadi yenu, na msiende katika majuma ya mitihani. Barua hiyo chukua nakala, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji naye atataka kuiona, na ni vizuri mpitie kwake kabla ya kwenda mtoni.

Kutoka Jinja mtapanda taksi ya Kamuli, na kutoka Kamuli mtachukua boda boda. Patana naye bei ya kwenda na kurudi mapema, maana jioni hampati chombo kwa urahisi. Vaeni viatu vya kufunika kifundo, kwa kuwa majani ya ukingoni ni marefu na nyoka wapo. Nguzo za gati mtaziona majini. Msizikanyage hata kama zinaonekana imara, kwani zilizamishwa miaka ya 1960 na hakuna aliyezikagua tangu hapo.

Mkishamaliza upande wa mto, rudini nyuma mkafuate tuta la reli kwa miguu kuelekea kusini. Mataruma mengi yameondoka, lakini tuta lenyewe halikuondoka, na mtaona makalvati yake yaliyojengwa kwa mawe ya kuchongwa. Pimeni upana na kimo cha kila moja mtakaloliona, mniletee vipimo hivyo hapa. Nina michoro ya zamani ninayotaka kuilinganisha.